Msituletee Somo Lililopikwa

Juma hili nimesoma tafakari 12 za walimu wapya wa kundi letu la mtandaoni, ambako walimu wa nchi mbalimbali hutazamana masomo, na zote 12 zina sentensi moja: "Wanafunzi walifurahia na kuelewa vizuri." Wadogo zangu, wote? Hata yule wa dawati la nyuma anayechora magari? Nilicheka, kisha nikaona haya, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi.

1. Saa. Ratiba ya vikao iko kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo 15:00 si lazima iwe saa tisa ya kwenu. Tena Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, na katikati hapo kila mwaka kuna mtu anayeingia kikaoni peke yake na kuanza kusalimia.

2. Video ya somo. Hapa nakaa kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi dakika 20 na kumtumia mwenza wa nchi nyingine. Nikachagua sehemu za hesabu (1/2, 1/3 na kadhalika), mada niliyokwisha kuifundisha wiki iliyotangulia. Maswali yale yale, majibu yale yale, mazoezi mara mbili. Wajibuji nikawaketisha mbele. Watoto saba "wanaonichelewesha" nikawapeleka maktaba. Tukaanza kurekodi, na dakika ya nne binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, hapa ndipo ninapokosea, au ni zamu ya mwenzangu?"

Kipande hicho nilikikata.

Mrejesho ulikuja mistari mitatu. Darasa zuri. Mikono inanyooshwa kabla hujamaliza swali. Yale madawati saba ni ya nani?

Sikumjibu kwa siku nne. Nilijiambia hajui darasa lenye watoto wengi ni kitu gani. Baadaye nikagundua la kwake lilizidi langu. Lakini aliyeniumiza hakuwa yeye. Siku ile ile ya kurekodi, wale saba waliporudi kutoka maktaba, mmoja alinijia na kuuliza, kwa furaha kabisa, kama video imetoka vizuri.

Nikarudia somo, safari hii wote wamo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakifika 3, majibu hurefuka na "sijui" hupungua. Nikauliza: ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Nikahesabu kimoyomoyo hadi tatu. Jamani, sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni safari! Mmoja wa wale saba akasema 1/4, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Nusu ya darasa ikamuunga mkono, wakiwemo nyota wangu wa video ya kwanza. Kumbe walikuwa wamekariri, na aliyewakaririsha ni mimi.

3. Idhini ya wazazi kabla ya kurekodi watoto, kwa maandishi.

4. Mkitazama somo la mwenzenu, acheni kumtazama mwalimu. Katika uchunguzi wa somo wa Wajapani, ambapo walimu hupanga somo pamoja, mmoja akafundisha na wengine wakatazama, watazamaji hufuatilia mwanafunzi: anaandika nini, anafuta nini, ananyamaza wapi. Sasa nyinyi mnaandika "mwalimu ana sauti nzuri". Sauti! Mwenza wangu hakusema lolote kuhusu sauti yangu, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

5. Cheti kitakuja. Acheni kuulizia cheti wiki ya pili.

Tafakari zenu nimezirudisha zote. Ongezeni aya moja: ni nani hakuelewa, na mlijuaje. Mwisho ni Ijumaa, 15:00 UTC, na sitaki kusikia habari za saa tisa.