Dawa ya Parkinson inapoisha nguvu kabla ya dozi nyingine

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuwa mzito, na alipoanza levodopa, dawa yake kuu, tuliona kama muujiza jamani, vidonge 3 kwa siku na mzee anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Mwaka wa 5 mambo yakabadilika. Anameza saa 1 asubuhi, anakuwa vizuri, ikifika saa 4 na nusu hivi sauti inashuka, mwendo unapungua, halafu anasimama mlangoni jikoni miguu imeganda kabisa, na dozi inayofuata ni saa 7 mchana.

Kumbe hii dawa haikai mwilini, ndani ya kama saa moja na nusu hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Miaka ya mwanzo ubongo unakuwa bado na uwezo wa kutunza akiba, ugonjwa ukiendelea ile akiba inakwisha, ndo mtu anaanza kuishi kwa saa za vidonge.

Kilichotusaidia ni daftari. Siku 3 kabla ya kliniki naandika kila saa, kameza lini, kala nini, amefunguka au ameganda. Na hapa naomba muwe makini sana maana mimi nilikosea, nilimwambia daktari "baba anatikisika sana" dozi ikaongezwa hali ikawa mbaya zaidi. Mkono kutetemeka ukiwa umetulia na mwili kuwa mzito, hapo dawa imepungua. Mwili kujinyonganyonga wenyewe, kichwa na mabega vinacheza, mara nyingi hapo dawa imezidi. Daktari alipoona zile saa kwenye daftari akaigawa dawa iwe dozi ndogo ndogo mara 5.

Halafu chakula. Protini inagombania njia na levodopa, kwahiyo maharage na samaki tumehamishia usiku (hatujamnyima, atakonda), na kidonge anameza nusu saa kabla ya kula. Akitapika msimpe Plasil (dawa ya kuzuia kutapika), inazuia dopamini, ile kemikali ya ubongo ambayo levodopa inageuka kuwa. Na dawa msiikatishe ghafla hata siku moja, ni hatari kweli.

Sasa hivi alamu inalia saa 12 asubuhi, kidonge na glasi ya maji viko pembeni ya kitanda tangu usiku, anameza anajilaza tena, saa 1 anatoka mwenyewe kwenda kunawa.