Kitabu cha Mifumo ya Uhasibu Kisomwe na Mkataba wa Mfadhili Ukiwa Mezani

Vijana wanaokuja kwetu Kisumu kujifunza uhasibu wa mashirika yanayotegemea wafadhili huniuliza wasome kitabu gani. Mimi huwaambia wasome viwili kwa pamoja: kimoja cha fedha za maendeleo ya kimataifa, kingine cha mifumo ya taarifa za uhasibu. Wa cha kwanza peke yake hujua kwa nini Benki ya Dunia hukopesha, lakini kuandika vocha ya malipo humshinda. Wa cha pili peke yake hujaza mfumo vizuri bila kuelewa kwa nini mfadhili amekataa kulipia kodi ya ofisi.

Kwenye cha fedha, anza na tofauti ya ruzuku, mkopo wa masharti nafuu na mkopo wa kibiashara. IDA, tawi la Benki ya Dunia lililoanzishwa 1960, hukopesha nchi zenye kipato kidogo kwa muda mrefu na kwa riba ndogo au bila riba. Linganisha na mkopo wa kibiashara: hati fungani ya dola bilioni 1.5 ambayo Kenya iliuza Februari 2024 kwa riba ya asilimia 9.75. Ukishaona pengo hilo, ukasikia kwamba mradi wa mji wa Kisumu umefadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, utauliza yanayofaa kuulizwa: ni ruzuku au mkopo? Unalipwa kwa sarafu gani?

Sura ya sarafu usiiruke kabisa. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, kisha baada ya miezi michache ikashuka hadi karibu Sh130. Ruzuku ya dola 100,000 iliyopangiwa bajeti ya Sh16 milioni ikaingia benki kama Sh13 milioni. Milioni tatu zimepotea na hakuna aliyeiba, na mishahara na petroli ya pikipiki vyote hulipwa kwa shilingi.

Sasa kitabu cha mifumo. Vingi vimeandikwa Marekani na humwazia msomaji aliye katika kampuni kubwa. Mzunguko wa mauzo upite haraka; kaa kwenye mzunguko wa matumizi na udhibiti wa ndani. Vitakwambia anayeidhinisha, anayeandika na anayeshika fedha wawe watu tofauti. Ofisi ya watu watatu itafanyaje?

Chukua semina ya wakulima kule Nyakach, nauli ikilipwa kwa M-Pesa. Afisa wa mradi analeta orodha ya mahudhurio yenye sahihi na nambari za simu. Mhasibu anaandaa malipo. Meneja anaidhinisha kwa nenosiri lake mwenyewe, na nenosiri hilo asimwachie mhasibu kwenye kikaratasi ati yuko safarini. Akimwachia, udhibiti wote umekwisha. Kisha mweka hazina wa bodi, ambaye hakugusa malipo hayo, apate taarifa ya M-Pesa moja kwa moja na ailinganishe na orodha mstari kwa mstari. Nambari moja ikitokea kwenye majina mawili, asimame hapo. Huenda ni mume na mke wanaotumia simu moja, jambo la kawaida vijijini. Basi liandikwe kwenye vocha siku hiyohiyo, kabla mkaguzi hajauliza.

Ukiwa kwenye sura ya chati ya akaunti, yaani orodha ya akaunti zote na misimbo yake, fungua mkataba wa mfadhili. Kila mstari wa bajeti yake upewe msimbo wake kabla shilingi ya kwanza haijatumika. Kutenganisha gharama za wafadhili wawili mwishoni mwa mwaka ni mateso matupu.

Kuhusu bei, toleo la zamani linatosha kwa mengi: kanuni ya maingizo mawili, kwamba kila muamala huandikwa pande mbili, ni ileile aliyoichapisha Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494. Kwa udhibiti wa ndani tu, tafuta toleo lililotoka baada ya 2013, mwaka ambao mwongozo wa udhibiti wa ndani wa 1992 wa COSO, kamati ya vyama vya wahasibu na wakaguzi ya Marekani, ulisasishwa. Upande wa fedha za maendeleo, Benki ya Dunia imeweka machapisho yake mtandaoni bila malipo tangu 2012, na hati za miradi yake zipo pia. Tafuta hati ya mradi unaoujua, kama ule wa mazingira ya Ziwa Victoria, na uanze na sehemu ya usimamizi wa fedha: akaunti ipi inapokea pesa, ripoti zipi zinatakiwa kila robo mwaka, na nani anakagua.