Barua kwa mwanangu: ile redio yako imeendaga wapi

Mwanangu, shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mwanga, hapa Kigoma mjini, wote wazima, bibi yako ndo anasumbuliwa na miguu ila anakula. Sasa lile swali lako la juzi, kwamba ulivokuja likizo uliwasha redio masafa yaleyale uliyokua nayo ukakuta jina jingine, asubuhi mahubiri jioni mziki wa Dar mtupu, ukauliza wamefilisika au kuna mtu kawapora, hakuna aliyeporwa mwanangu.

Masafa yenyewe sio mali ya mwenye redio, ni kama kizimba cha sokoni, halmashauri ndo yenye soko we unalipia tu. Kwa redio wanaotoa leseni ni TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano ya serikali, kuna ya wilaya, ya mkoa, ya taifa, na mwenye kampuni akitaka kuuza anapitia kwao wakubali. Kwaiyo namba inabaki ileile kwenye redio yako alafu watu wa ndani wengine kabisa.

Na majina yanabadilika hata kwa wakubwa. Redio ya serikali ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, 1956 ikawa TBC, yaani shirika la utangazaji la Tanganyika, 1965 ikawa Radio Tanzania hiyo ndo tuliyokulia sisi, baadae TUT, yaani Taasisi ya Utangazaji Tanzania, alafu ikarudi TBC tena, ila sasa T ni ya Tanzania. Za watu binafsi zimekuja baada ya sheria ya 1993. Au chukua redio Kwizera ya kule Ngara, yenyewe wasikilizaji ndo walibadilika, ilianzishwa 1995 na JRS, lile shirika la Wajesuiti, kwa ajili ya wakimbizi. Wanyarwanda wakarudishwa kwao mwisho wa 1996, redio ikabaki na wenyeji na Warundi wa makambini, na hata sisi tusiokuwa wakimbizi tukawa tunaisikiliza.

Ila hii yako iliuliwa na hela. Unakumbuka kadi za salamu dukani kwetu? Mtu ananunua anajaza majina mpaka pembeni, yule aliyeko Kasulu, yule wa Uvinza, shemeji wa Kibondo, na wimbo anaoomba, siku ya kusomwa hata mgonjwa anaamka. Alafu na matangazo ya vifo, hayo ndo yalikuwa na hela maana msiba haungoji, unalipia asubuhi mchana ndugu wa Ilagala wanajua. Simu zikaja salamu zikahamia huko, grupu za ukoo zikaja na vifo vikahamia, hata babu yako tulimtangazia kwenye grupu, nani aende kulipa redioni tena. Wenye maduka nao matangazo wanaweka status. Mwenye redio akabaki na leseni ya kulipia na dizeli, maana umeme wa huku si unaukumbuka, miaka ile ulikuwa wa majenereta, na watangazaji wanaodai miezi.

Hapo akitokea mchungaji anataka kununua masaa mawili ya asubuhi kwa hela taslimu utamkataa? Masaa mawili yakawa manne, alafu ndo akaja mnunuzi wa kampuni nzima. Jioni mziki umepangwa kwenye kompyuta, taarifa ya habari wanaunga BBC au DW, mwandishi wa kwenda mwaloni Kibirizi kuuliza bei ya dagaa wa nini sasa. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko jina, meli ikichelewa au kipindupindu kikiingia Ujiji tunasikia kwanza kwa bodaboda.

Yule dada wa jioni uliyekuwa unampenda yupo, anatangaza kituo kingine cha hapahapa mjini na watu wake wamemfata huko, masafa nitakutumia.

Ulivouliza kama jina la zamani linaweza kurudi, sioni. Labda uchaguzi ukikaribia, wagombea ndo wanakumbukaga kwamba redio ya mkoa inawauza kwa wapiga kura.

Mama yako.