Barua kwa mwanangu: shilingi moja kati ya kumi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zimefika. Unaniuliza utafanya nini Jumapili na watoto kumi wa miaka minne hadi sita, darasa umekabidhiwa juzi tu na hela ya vifaa hakuna. Tena Daudi na Goliathi umeshawasimulia mara mbili, na mara zote wameishia kupigana. Pole, mama. Mimi niliwahi kuwagawia kabisa makombeo ya kitambaa na mawe ya karatasi, nikasahau kwamba hakuna mtoto anayekubali kuwa Goliathi akafa kimya kimya. Achana na Daudi kwa sasa.

Fungua Luka 15, mstari wa 8: yule mwanamke mwenye shilingi kumi, ikampotea moja, akawasha taa na kufagia nyumba mpaka akaiona. Naipenda Biblia ya Kiswahili ya Union Version hapo kwa kuandika “shilingi” tu. Hutahangaika kuwaeleza watoto drakma, ile sarafu ya Kigiriki ya maandiko ya asili, ni kitu gani. Ila wewe ujue kwamba drakma ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku nzima. Haikuwa hela ya pipi.

Kamwombe Mangi dukani vizibo vya soda, kumi na viwili vya akiba. Vioshe kwa sabuni, kisha visugue kwenye sakafu ya saruji mpaka yale meno yasikwaruze mkono. Kazi hiyo ifanye mwenyewe Jumamosi, usiwaachie watoto. Kata viduara vya karatasi nyeupe vinavyoingia ndani ya kizibo. Gundi korogea nyumbani: unga wa ngano vijiko viwili na maji, pika mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Ukimaliza uifunike, la sivyo mende watakuwa wa kwanza kuhudhuria darasa.

Sasa nisikilize vizuri. Kila mtoto achore alama yake kwenye kiduara chake: herufi, samaki, kuku, mistari isiyoeleweka, vyovyote. Akibandike mwenyewe. Nilipokuwa nawapa vizibo vitupu, kimoja kikipotea walikuwa wananiambia, “Mwalimu, si vimebaki tisa?” Na kweli, vimebaki tisa! Lakini chenye kuku kikikosekana, mwenye kuku anasimama na midomo imeanza kutetemeka. Hapo hadithi imeshaingia, na wewe hujasema neno.

Wahesabu kwa sauti, vizibo vikiwa mkekani. Kisha wafumbe macho, ufiche kimoja. Funga madirisha, maana nyumba za wanyonge za enzi za yule mwanamke zilikuwa na giza hata mchana, ndiyo sababu ya ile taa. Mwenye kizibo kilichopotea apewe tochi, mwingine ufagio wa chelewa, na sakafuni utawanye majani makavu kidogo ili kuwe na cha kufagia. Kikionekana, wote waitane kama majirani: “Furahini pamoja nami!” Vigelegele, na karanga kiganjani. (Nimewahi kujiuliza kama sherehe ya yule mama haikumgharimu kuliko hiyo shilingi.) Mizunguko mitatu au minne inatosha, ukiona mmoja ameanza kuvuta nywele za mwenzake, umeshapitiliza. Na kama kuna anayekuja na mdogo wake wa mwaka mmoja mgongoni, hesabu vizibo kabla hawajaondoka, kila kitu yule anatia mdomoni.

Kuficha usimwachie mtoto. Mwaka mmoja nilimruhusu mvulana mmoja, akakificha vizuri mno, mwishowe naye akasahau wapi. Tulifagia darasa zima, tukainua mabenchi, mpaka kengele ya ibada ikapigwa. Mwenye kizibo, kitoto cha miaka minne kilichochora jua, kililia mpaka mahubiri yakaisha. Jioni navua viatu nyumbani nikasikia kitu kinagonga: jua lile, ndani ya kiatu changu cha kushoto, na mimi siku nzima nadhani ni kisigino kimelegea.

Sikungoja Jumapili. Nilivaa kanga, nikapanda mpaka kwao na giza lilikuwa limeshaingia. Mama yake alifungua mlango, na kabla sijasalimia mtoto akakiona kizibo chake mkononi mwangu. Alitoka mbio kwenda kuwagongea majirani.

Mama yako