Kamba si nyoka, lakini kamba ipo

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mume wangu ni fundi baiskeli hapa Makorora. Rafiki yake alimwachia vitabu vya falsafa ya Kihindi, na tangu hapo kila nikimwambia jambo ananijibu, “Hiyo ni maya tu, dunia ndoto.” Mwenye nyumba anatudai miezi miwili. Kweli ndivyo wanavyofundisha?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisamehe, nilicheka. Mwenye nyumba wa ndotoni sijakutana naye bado.

Neno hilo, maya, yaani kiinimacho, ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na aliyelikuza ni Shankara, mwalimu wa India wa karne ya 8 hivi. Mfano unaopendwa na wafuasi wake ni huu: mtu anapita gizani, anaona nyoka, anashtuka; taa ikija, kumbe kamba. Mimi sihitaji kuchorewa. Baba alikuwa mkata mkonge Pongwe. Usiku mmoja nikitoka kwenda chooni nilikanyaga kamba iliyolowa mvua, nikapiga ukelele hadi majirani wakatoka na mapanga. Baba akaja na kandili, akaiokota, asubuhi akafungia mbuzi.

Hapo ndipo mumeo aliporuka ukurasa. Nyoka hakuwepo, kamba ilikuwepo. Shankara hakusema hakuna kitu. Alisema kilichopo ni kimoja, Brahman, yaani ule ukweli wa mwisho, nasi tunakiona kama vitu vingi. Wafuasi wake wakatenga ngazi tatu: ya ndoto na mazigazi, ya shughuli za kila siku, na ya ukweli wa mwisho. Kodi ya nyumba iko ngazi ya pili, pamoja na moto na njaa, na haimtoki mtu kwa kusoma vitabu viwili.

Tena Wahindi wenyewe hawakuafikiana. Ramanuja, mwalimu mwingine wa karne ya 11 na 12, alimpinga Shankara waziwazi: kwake ulimwengu ni wa kweli, ni mwili wa Mungu. (Vitabu vya rafiki wa mumeo huenda vina mkono wa Wanatheosofia, chama cha watafuta hekima ya siri ya dini kilichoanzia New York mwaka 1875; walilipenda sana neno hili.)

Wala mumeo asilichanganye neno maya na “dunia hadaa” yetu. Sisi tunailaumu dunia. Watu wa Shankara wanalalamikia jicho.

Muulize hivi: mteja akileta baiskeli ina pancha, anaiziba au anamwambia pancha ni maya? Akisema anaiziba, mwekee daftari la mwenye nyumba mbele yake, kabla chai haijapoa.