Mwanangu, hiyo bima ya maili waulize kwanza inahesabu nini

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana nikaona nisikujibu kwa voisi, maana mambo ya hesabu ukiyasikiliza tu yanapotea. Unauliza kama ukubali ile bima ya kulipia maili, kwamba gari yako siku hizi inashinda paking hapo Columbus, Ohio, na bado unalipa sawa na mtu anayeendesha kila siku. Kwa jinsi unavyotembea kidogo unaweza kuokoa hela kweli. Ila kuna bima inayohesabu maili tu, na kuna inayohesabu maili na tabia zako humohumo, na kwenye matangazo zote zinaitwa punguzo, hapo ndo watu wanapoliwa.

Tuanze na maili. Hizi kama SmartMiles ya Nationwide au Milewise ya Allstate zina kiwango unacholipa hata gari isipotoka, alafu juu yake kila maili ina bei yake. Tuseme wamekupa dola 50 kwa mwezi na senti 6 kwa maili, namba za mfano hizo. Ukiendesha maili 400 unalipa dola 74, mwezi ukifika 1,200 unalipa 122, sasa kama hivi sasa unalipa 110 si bora ungebaki ulipo. Afadhali SmartMiles siku ya safari ndefu wanahesabu maili 250 za kwanza tu, maana kuja kwetu huku Houston ni zaidi ya maili 1,000.

Upande wa tabia ndo siupendi kwako. We unafanya shifti ya kutoka saa 5 usiku pale kwa wazee, na anayekupokea akichelewa, saa 6 na nusu bado uko barabarani. Snapshot, mpango wa kampuni ya bima ya Progressive, kwa mfano inaangalia saa za kuendesha, na kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 10 alfajiri ndo saa wanazoziona za hatari kubwa, hawajui kama umetoka klabu au umetoka kumgeuza bibi wa watu kitandani. Na wenyewe wanasema wazi bei inaweza kupanda. Mimi niliwahi kuwa na kidude cha hivyo cha kampuni moja, kinachomekwa chini ya usukani, ukikanyaga breki kwa nguvu kinalia pii pii pii. Swala wa huku akiruka barabarani unamshukuru Mungu umemkosa, chenyewe kinakuandikia kosa. Mama yako alikuwa anakijibu "tumesikia".

Kingine ni data, na wewe una Chevrolet. Mwaka 2024 New York Times waliandika jinsi GM, hao wanaotengeneza Chevrolet, walivyokuwa wanapeleka taarifa za udereva wa watu kwa LexisNexis, kampuni inayokusanya na kuuza taarifa za watu, na kampuni za bima zikawa zinanunua huko. Dereva mmoja aliomba ripoti yake akakuta kurasa zaidi ya 130 za safari zake, ametoka saa ngapi, amefika saa ngapi, amefunga breki mara ngapi, na bima yake ilishapanda asilimia 21. Januari 2025 FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, wakatangaza kuibana GM, miaka 5 wasipeleke hizo data kwa wanaotengeneza ripoti za wateja. Ripoti yako na wewe unaweza kuiomba LexisNexis bure, iombe wiki hii kabla hujaenda kokote.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemuuliza ajenti kama wana punguzo la maili chache la kawaida, lile la kutuma picha ya odomita, kile kihesabu maili cha kwenye dashibodi, basi, hakuna apu kwenye simu. Kama hawana, aseme kwa maandishi wanahesabu nini zaidi ya maili na kama bei inaweza kupanda kwa sababu hiyo. Na ukianza kupeleka chakula cha DoorDash wikiendi kama ulivyosema, mwambie kabisa, bima ya kawaida mara nyingi hailipi ukigonga ukiwa na oda ya mtu.

Ile ya zamani usiikate kabla mpya haijaanza, Ohio kuendesha bila bima wanakufungia leseni. Wakikutumia makaratasi yapige picha unitumie kabla hujasaini.

Baba