Spoti za bafuni: kutoa halojeni na kuweka LED bila taa kuchezacheza

Ndugu yetu wa Himbi, Goma, umeeleza hivi: spoti (taa ndogo za kuzama) tatu za kwenye plafoni (dari) ya bafu, halojeni za wati 50, umezibadilishia ampuli za LED na sasa zinachezacheza. Ya nne, ile ya juu ya kioo, inabaki na mwanga hafifu hata swichi ikizimwa. Usirudishe ampuli dukani bado. Ni matatizo mawili tofauti, na la pili ni la hatari.

Tuanze na zile tatu. Zima dijonkta (kikata umeme cha nyumba), si swichi tu, kisha chomoa ampuli uangalie miguu. Vijiti viwili vyembamba vya kuchomeka ni GU5.3, yaani volti 12, na juu ya plafoni kuna transfo inayoshusha umeme wa 220 hadi 12. Vifundo viwili vinene vya kuzungusha ni GU10, inayokula 220 moja kwa moja. Zako zitakuwa za volti 12. Vuta transfo kupitia tundu la spoti usome maandishi yake. Mara nyingi utakuta 20–60 VA, yaani mzigo wa chini na wa juu, karibu sawa na wati. Hiyo 20 ndiyo chanzo: transfo ya halojeni inataka mzigo wa angalau wati 20 ndipo ifanye kazi sawasawa, na LED yako ni wati 5. Inajaribu kuwasha, inakata, inajaribu tena. Multimita ya bei ndogo haitakusaidia hapo, kwa sababu umeme unaotoka kwenye transfo ya elektroniki unageuka maelfu ya mara kwa sekunde na mita inasoma uongo.

Dawa ni kutoa transfo na kuweka draiva ya LED (kifaa cha kuilisha umeme) ya volti 12 DC, umeme usiogeuka kama wa betri. Ampuli tatu za wati 5 ni 15, basi nunua ya wati 20 au 30, usiikamue hadi mwisho. Hakikisha ampuli zinakubali DC, na draiva uiweke mbali na matundu ya spoti.

Wengine hutupa transfo na kufunga soketi za GU10. Inawezekana, ila si pale juu ya dushi kama plafoni iko chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni. Hapo baki na volti 12, na draiva ikae nje ya eneo hilo. Plafoni ikiwa juu zaidi, 220 inakubalika mradi kuna dijonkta ya diferensiali (inayokata umeme ukivuja) ya mA 30. Mafundi wengi husahau kwamba pete ya chuma ambayo kwenye volti 12 haikuhitaji waya wa ardhi, kwenye 220 inauhitaji. Na kile kiwaya chembamba kilichotoka kwenye transfo usikigeuze cha 220: vuta kebo mpya ya mm² 1.5. Ncha zilizokaa karibu na halojeni huwa zimeungua na ganda linavunjika mkononi, kwa hiyo kata hadi ufike kwenye waya mzima.

Sasa ile ya kioo. Mwanga hafifu baada ya kuzima mara nyingi maana yake swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya fazi (waya ulio hai). Halojeni ilikuwa inaficha kosa hilo, kwa sababu umeme mdogo unaovuja hauwezi kuiwasha; LED unaitosha. Zima dijonkta utoe ampuli, iwashe tena, acha swichi imezimwa, kisha pima kati ya kila mguu wa soketi na waya wa ardhi. Ukikuta karibu 220, soketi iko hai muda wote, na mtu mwenye mikono mibichi anaweza kuumia akibadilisha ampuli. Mwite fundi ageuze waya kwenye boksi leo hii. Ukikuta fazi inakatwa vizuri, angalia kama swichi ina taa ndogo ya alama ndani; iondoe.

Ukienda Birere kununua, beba ampuli ya zamani na kipimo cha tundu kwa milimita. Badala ya halojeni ya GU10 ya wati 50 tafuta lumeni (wingi wa mwanga) 350 hadi 400, kelvini (rangi ya mwanga) 2700 au 3000, na kwenye kioo CRI (uhalisi wa rangi) 90, la sivyo uso unaonekana kama wa mgonjwa. Kwa GU10 na draiva, chagua zilizoandikwa 100–240 V kuliko 220–240, maana jioni umeme ukishuka hizi za pili ndizo huanza kusumbua. Kama nyumba inatumia inverta na betri, utaona faida haraka: taa nne kutoka wati 200 hadi 20. Inverta iwe ya mawimbi safi, kwani zile za bei ndogo hufanya LED zivume na kufa mapema.

Spoti iwe IP65 (alama ya kinga dhidi ya maji) juu ya dushi, IP44 kwingine. Lakini IP65 imefungwa kabisa, na LED inauawa na joto lake yenyewe. Ampuli isiyoruhusiwa kwenye taa iliyofungwa haitadumu. Ziba pia ukingo wa pete. Mvuke wa maji ya moto ukipanda hadi kwenye bati baridi usiku, unageuka matone na kuangukia draiva.

Ukimaliza, washa saa nzima, kisha zima dijonkta uguse draiva. Iwe vuguvugu tu. Ikichoma mkono, mzigo umezidi au hewa haipiti.